Kisamvu cha Mpira

Katika vijiji vya Muheza na Pangani, nyuma ya nyumba nyingi pana mti mrefu wenye majani ya vidole kama ya muhogo. Watu huuita mpira. Majani yake machanga huchumwa, hutwangwa kinuni mpaka yalainike, kisha huungwa kwa tui la nazi. Hicho ndicho kisamvu cha mpira, na wapo wanaokipenda kuliko kisamvu cha muhogo wenyewe. Mimi ni mmoja wao. Ukimwuliza mpishi kwa nini mboga iitwe mpira, atakuonyesha shina. Ukilichanja linatoka utomvu mweupe, na ukiuacha kidogo unaganda na kuvutika.

Mti huo si mwenyeji wa Tanga. Jina lake la kitaalamu ni Manihot glaziovii, kwao ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, na kwa ukoo ni ndugu wa muhogo, ambao nao ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Wajerumani waliutaka kwa ajili ya mpira wa magurudumu, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaujaza kwenye mashamba makubwa ya nyanda za chini. Mwaka 1913 bei ikaporomoka. Mpira wa Asia, unaotoka kwenye mti mwingine kabisa, ulikuwa mwingi, bora na wa bei nafuu. Wenye mashamba wakafilisika. Mti ukabaki, ukawa ua, ukawa kivuli, ukawa mboga.

Ipo kazi nyingine mti huu uliifanya, ambayo hakuikusudia aliyeuleta wala aliyeutia kinuni. Kuieleza inabidi tupande mlima.

Amani iko Usambara Mashariki, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, katika msitu unaopokea pepo za mvua moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi. Kutoka Muheza barabara inapita kwenye michungwa na minazi ya Wabondei, kisha inaanza kujipinda, na ghafla mtu anatafuta sweta. Walowezi waliofika huko na mitaji yao miaka ya 1890 waliiona miti mikubwa kupita kiasi wakapiga hesabu ya haraka: udongo unaobeba miti kama hii utaushindwaje mkahawa? Wakafyeka, wakachoma, wakapanda. Kahawa ilichangamka mwanzoni, kisha ikaanza kunyong'onyea shamba baada ya shamba, na hakuna aliyejua kwa nini.

Hasara ya kahawa iliwafungulia wanasayansi mlango. Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama aliyewahi kusafiri na mpelelezi Emin Pasha hadi kwenye maziwa makuu, na ambaye baadaye alikuwa afisa mkubwa wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam, alikwenda Java kuangalia bustani ya Buitenzorg. Huko Waholanzi walikuwa wameweka mahali pamoja bustani ya miti, maabara na maktaba. Akataka kitu cha namna hiyo Afrika Mashariki, na mwaka 1902 taasisi ya biolojia na kilimo ikaanzishwa Amani. Nia yake haihitaji kupambwa: koloni lilitakiwa litoe mazao ya kuuza Ulaya. Msitu uliofyekwa, na vibarua waliobeba mawe na mbao za majumba yale, vilihesabiwa kama gharama tu.

Lakini tazama waliokusanywa. Alikuwepo mtaalamu wa mimea, wa wanyama, wa kemia, wa wadudu. Mlimani hapakuwa na mji wa kukimbilia jioni. Walikula pamoja, wakagombana pamoja, na mmoja akikwama alilazimika kubisha hodi kwa jirani. Miti ililetwa kutoka kila upande wa dunia ya joto: misaji, mikafuri, midalasini, mikaratusi, mianzi, mikwinini. Ilifika mamia ya aina, na mingi bado imesimama. Reli nyembamba ilijengwa kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya mlima, kushusha mbao. Jengo la stesheni ya Sigi lipo hadi leo na ndipo wageni wa hifadhi wanapopokelewa.

Cha kuchekesha ni kwamba zao lililoujenga mkoa wa Tanga halikutoka Amani hata kidogo. Mkonge uliletwa mwaka 1893, miaka tisa kabla ya taasisi, na Richard Hindorf, aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika hai ni 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Ukipita leo katikati ya safu za mkonge zisizo na mwisho, kumbuka kwamba babu zake wote wangeenea kwenye uwanja mmoja wa mpira wa miguu.

Kabla hata nyumba za Amani hazijajengwa, Usambara ilikuwa imempa somo mwanasayansi mmoja mashuhuri kuliko wote waliokuja kukaa pale. Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa nchini mwaka 1897 na 1898 akichunguza homa. Wenyeji wa milimani walimweleza kwamba kwao juu hawaugui, ila wakishuka nyanda za chini wanarudi na ugonjwa. Ugonjwa huo waliuita mbu, na wadudu waliowauma huko chini nao waliwaita mbu. Jina moja kwa mdudu na kwa homa. Wakati huohuo, India, Ronald Ross alikuwa ametoka tu kumpasua mbu na kuona tumboni mwake vijidudu vya malaria. Koch aliliandika jambo la Wasambaa bila kulidharau, na hilo limempa heshima machoni pangu. Alirudi nchini mwaka 1905 na kuonyesha kwamba homa ya papasi inaenezwa na papasi. Kwa msemaji wa Kiswahili hiyo nayo si habari ya kushangaza sana. Jina limekwisha kusema.

Huko shambani, muhogo ulikuwa unaumwa. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea Otto Warburg alikuwa ameandika juu ya ugonjwa aliopata habari zake kutoka Usambara: majani ya muhogo yanapata mabaka ya kijani na njano, yanajikunja, yanadumaa, na mizizi haijazi. Wakulima wetu wanauita batobato. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya kisayansi duniani kuhusu ugonjwa huo, na yanatoka mlima huuhuu. Mwaka 1906 Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea wa Amani aliyewahi kufanya kazi Java, alitafuta kuvu akakosa, akatafuta bakteria akakosa. Akakisia kwamba kinachosababisha ni kitu kidogo kuliko vyote viwili, cha jamii ya kile kilichokuwa kimeonekana kwenye tumbaku huko Ulaya. Neno virusi wakati ule lilikuwa bado ni jina la kitu ambacho hakuna aliyekiona. Zimmermann alipatia, ila hakuwa na namna ya kuthibitisha, na muhogo haukuwa zao la kusafirishwa. Faili likafungwa.

Vita vya 1914 vikaifanya Amani kiwanda. Meli hazikufika tena, na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilihitaji dawa. Magome ya mikwinini ya bustani yakachemshwa kupata kwinini. Maabara ya kemia ikageukia sabuni, mafuta na pombe. Watu waliokuwa wakipima asidi ya udongo walijikuta wakipika dawa ya meno. Mwaka 1916 Waingereza wakafika, wakawakuta Wajerumani wakiendelea na kazi, na kwa muda wakawaacha waendelee. Kisha ukaja ukimya wa miaka kadhaa. Waingereza walikuwa wamerithi maktaba na bustani wasizojua wazifanyie nini, na London ilibishana kuhusu nani alipe.

Mwaka 1927 kituo kilifunguliwa upya chini ya William Nowell, safari hii kwa ajili ya makoloni yote ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Miaka kumi na tano iliyofuata ndiyo ninayoipenda katika habari hii, kwa sababu ya watu waliojikuta kwenye kilima kimoja.

Geoffrey Milne alikuwa mtaalamu wa udongo. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kumvunja mtu moyo: kuchora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki nzima. Alipanda gari, akasafiri, akachimba mashimo. Aligundua kwamba akifuata desturi ya Ulaya, ya kuipa kila aina ya udongo rangi yake, ramani ingekuwa madoadoa matupu, maana ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu udongo ulibadilika mara nne. Juu ya kilima mwekundu, kwenye mteremko wa kijivu na mchanga, bondeni mweusi unaonata na kupasuka kiangazi. Kisha akaona kwamba mabadiliko hayo yanajirudia, kilima baada ya kilima, kwa mpango uleule. Maji ndiyo yanayoupanga: yanaosha juu, yanabeba, yanashusha, yanalaza. Udongo wa bondeni hauwezi kuelezwa bila ule wa kilimani. Mwaka 1935 akaupa mfululizo huo jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo, na hadi leo mwanafunzi wa udongo popote duniani anajifunza neno hilo. Wasukuma walikuwa na majina yao ya udongo tangu kilimani hadi mbugani, na kwa kila jina wakijua zao la kupanda. Mnyororo walikuwa nao. Hawakuwa na jarida la kuuchapisha.

Milne ndiye pia aliyeeleza, mwaka 1937, kilichoiua kahawa ya walowezi. Rutuba ya Usambara Mashariki haikuwa ardhini. Ilikuwa ndani ya msitu wenyewe: jani linaanguka, linaoza, na mizizi inalinyonya kabla mvua haijalichukua. Anayefyeka msitu amechoma ghala. Kinachobaki chini ni udongo mwekundu uliooshwa na mvua za karne zisizohesabika. Jibu lilichelewa miaka arobaini, na waliolihitaji walikuwa wamekwisha ondoka.

Nyumba nyingine alikaa Peter Greenway, mtaalamu wa mimea. Pamoja na kukausha na kubandika maelfu ya majani, alikusanya majina. Kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1937, na mtu yeyote aliyewahi kutafuta jina la mti kwa lugha yetu anadaiwa shukrani na kitabu kile. Nyuma ya kila jina yupo mzee aliyesimama njiani akasema, huu ni mkani, ule ni mvule, na ule mwingine usiuguse. Kamusi haikuwa na nafasi ya wazee hao.

Reginald Moreau hakuajiriwa kama mwanasayansi kabisa. Alikuwa karani wa hesabu za jeshi huko Misri, mpenzi wa ndege, na Amani alipewa kazi ya ofisi na maktaba. Mchana alishughulika na vocha. Muda uliobaki yeye na mkewe Winifred waliutumia kwa ndege, wakisaidiwa na Salimu Asumani, mkusanyaji hodari aliyekuwa amefanya kazi na mtaalamu wa wanyama Arthur Loveridge kabla ya kuja kwao. Salimu aliujua msitu kwa sikio. Vijana wengine waliwekwa chini ya viota kutwa nzima, wakihesabu ni mara ngapi dume la hondohondo linarudi na matunda kumlisha jike aliyejifungia ndani ya shimo la mti, na hesabu zao zikafikia maelfu ya matunda kwa msimu mmoja wa kutaga. Mwaka 1934 kijana mmoja Mwingereza, David Lack, alikuja kuwatembelea. Swali walilozungumza, la kwa nini ndege wa nchi za joto hutaga mayai machache kuliko ndugu zao wa Ulaya, lilimshughulisha Lack kwa miaka mingi na likawa mojawapo ya maswali makubwa ya elimu ya ndege. Moreau mwenyewe aliishia Oxford, akihariri jarida la wataalamu wa ndege.

Hondohondo wana kisa kingine. Katika miti iliyopandwa Amani ulikuwemo mmoja kutoka upande wa maziwa makuu, Waganda huuita musizi, na jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, linamkumbuka Emin Pasha. Hukua upesi, na hondohondo wanapenda matunda yake. Wakayala, wakaruka, wakazidondosha mbegu kila mahali palipokatwa mbao, na katika nusu ya pili ya karne wataalamu wa misitu walishtuka kuona mgeni huyo akiwabana wenyeji ndani ya msitu wenye miti na vyura wasiopatikana kwingine. Bustani ilikuwa imetoka nje ya ua wake.

Na sasa muhogo.

Harold Storey alikuja Amani kutoka Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1920. Alikuwa anafuatilia ugonjwa wa milia ya mahindi, unaoenezwa na kijidudu kidogo kirukacho kwenye majani. Kilichomsumbua ni kwamba baadhi ya vijidudu hivyo, wa aina ileile, wakilishwa jani lile lile lenye ugonjwa, hawakuweza kuueneza. Storey akawaoanisha kwa vizazi, akaona kwamba uwezo wa kueneza unarithiwa, mzazi kwa mwana, kwa kanuni zilezile zinazorithisha rangi ya macho. Kisha akafanya jambo linalotaka mkono usiotetemeka: akamtoboa tumbo kwa sindano nyembamba mdudu asiyeweza kueneza, na akishatobolewa, akaweza. Ukuta wa utumbo ndio uliokuwa ukiwazuia virusi wasipite. Swali la mahindi lilikuwa limegeuka swali la wadudu, na la wadudu likageuka la urithi. Kwa kazi hizo alichaguliwa mwaka 1946 kuingia katika Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London.

Miaka hiyohiyo ya 1930 nzige na ukame viliwafanya maafisa kilimo wauone muhogo kwa jicho jipya. Nzige hawagusi mzizi ulio chini ya ardhi, na muhogo unaweza kungoja shambani mpaka utakapohitajika. Wakaanza kuuhimiza, hata kwa amri. Na kila ulipohimizwa, batobato ilifuatana nao, kwa kuwa mkulima hapandi mbegu ya muhogo, anapanda kipande cha mti, na kipande kikitoka kwenye mti mgonjwa kimebeba maradhi. Faili la Zimmermann likafunguliwa tena. Mwaka 1938 Storey na mwenzake, R. F. W. Nichols, walionyesha kwamba shambani ugonjwa unapelekwa na nzi weupe, wale wadogo kama vumbi wanaotimka ukitikisa jani. Miaka miwili kabla, Storey alikuwa ameeleza ugonjwa mwingine, wa michirizi ya kahawia, ambao ni mnafiki: jani laweza kuonekana zima, shina zima, lakini ukimenya mzizi unakuta ndani umeoza kama kizibo. Nani angedhani wakati ule kwamba huo wa pili ungekuja kutisha kuliko wa kwanza?

Nichols alikusanya mihogo kutoka kila pembe ya dunia akaipanda Amani, palipo na ugonjwa, aone ipi itakayosimama. Baadhi ilijitahidi. Hakuna iliyopona kabisa. Muhogo ulikuwa umefika Afrika kama karne nne tu kabla ya hapo, na virusi vya batobato ni vya hukuhuku. Mgeni alikuwa amekutana na maradhi ya mwenyeji bila kinga ya kurithi. Ndipo Nichols akaangalia nje ya ukoo wa muhogo wa chakula, kwa ndugu zake wa porini. Akajaribu kadhaa. Aliyefaa kuliko wote alikuwa amesimama kwenye mashamba yaliyoachwa, pembeni mwa barabara na nyuma ya nyumba za watu: mpira. Mti ulioletwa kwa ajili ya magurudumu ukashindwa biashara, nao ulikuwa mgeni vilevile, lakini batobato haikuuweza.

Kuoanisha mimea hiyo miwili kulitaka subira. Ua la kike linafunikwa kwa mfuko kabla halijafunguka, poleni ya mpira inapakwa kwa mkono, mfuko unarudishwa. Tunda likifanikiwa linatoa mbegu tatu. Na mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo hakuwa wa kujivunia: mrefu, mwenye kinga nzuri, na mizizi ya nyuzinyuzi isiyoliwa na mtu. Kwa hiyo mtoto huyo akaoanishwa tena na muhogo, na mjukuu tena, na kitukuu tena, kila kizazi kikirudisha damu ya muhogo na kupunguza ya mpira, na kila kizazi kikipandwa katikati ya wagonjwa ili waliodhoofu waondoke wenyewe. Kwa kizazi cha tatu wakaanza kupata miti yenye mizizi ya kuliwa na kinga ya kutosha. Hawakuipa majina. Waliipa namba: 46106/27, 5318/34.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Mimea iliyokaushwa ya Greenway nayo ikaenda Nairobi. Mtafiti mwingine, D. L. Jennings, aliendeleza muhogo Amani kwa miaka michache, akatuma mbegu nchi mbalimbali, kisha naye akafunga. Kwa macho ya wengi mradi ulikuwa umekufa.

Nyumba hazikukaa wazi. Wakaingia watu wa malaria, wakiongozwa na Donald Bagster Wilson, ambaye yeye na mkewe Margaret, daktari pia, walikuwa wamepima damu ya watu wa Muheza na Tanga tangu miaka ya 1930. Mezani palipokuwa na majani ya muhogo pakawekwa mbu. Wilson alikuwa mtu wa tahadhari. Katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala mwaka 1950, wakati wengi walikuwa na haraka ya kupuliza dawa bara zima, yeye alikuwa miongoni mwa waliouliza: mtu mzima wa Muheza aliyeumwa na mbu tangu utotoni ana kinga aliyoilipia kwa homa nyingi, ukimkinga na mbu kwa miaka mitano kisha ukaondoka na mashine zako, umemwacha na nini? Alishindwa kwenye mjadala ule. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta, pande mbili za mpaka, zilipulizwa dawa ya dieldrini. Malaria ilipungua sana na watoto wachache zaidi walizikwa, na aina moja ya mbu ilitoweka kabisa kwa muda. Upulizaji ulipokoma, mbu wakarudi polepole, na ugonjwa nyuma yao.

Mick Gillies, mtaalamu wa mbu aliyefanya kazi humo Amani na Muheza, aliwajua mbu hao kama Salimu alivyowajua ndege. Kitabu alichoandika na Botha De Meillon, kilichotoka mwaka 1968, kilikuwa kwa miongo kadhaa ndicho cha kumtambua mbu yeyote wa jamii ya Anopheles, waenezao malaria, kusini mwa Sahara. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kituo kikaingia chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa na Bunge mwaka 1979. Na katika vibanda vya majaribio vya Muheza, Jo Lines, J. Myamba na Chris Curtis walipima chandarua kilichochovywa permethrini. Matokeo yao ya mwaka 1987 ni miongoni mwa mawe ya msingi ya vyandarua vya dawa vinavyoning'inia leo vyumbani mwetu. Hapa wanasayansi wa Amani walikuwa wamerudi mahali pa wale waliomweleza Koch: shida ipo kwa mbu, na mbu yupo huko chini.

Namba za Jennings zilikuwa safarini wakati wote huo. Mbegu za 5318/34 zilifika Nigeria miaka ya 1950, na kwenye miche yake ukachaguliwa mmoja ulioitwa 58308. Mwaka 1971 Sang Ki Hahn, mtaalamu kutoka Korea, alianza kazi ya muhogo katika taasisi ya kimataifa ya kilimo Ibadan, akaukuta, akauoanisha na mihogo ya Afrika Magharibi. Wakazaliwa TMS 30572, TMS 60142 na ndugu zao, wazazi wema wasiojulikana na mlaji yeyote.

Mwaka 1988 wakulima wa Luwero, Uganda, waliona batobato ya namna mpya. Mihogo ilikuwa ikisinyaa kabisa, na ugonjwa ulikuwa ukisogea kusini mwaka hadi mwaka kama moto wa nyika. Miaka ya 1990 wataalamu walioichunguza walikuta virusi viwili tofauti vimekutana ndani ya mmea mmoja na kubadilishana vipande vya jeni, kikatokea cha tatu kikali zaidi. Mashariki mwa nchi, ambako muhogo ndio uliokuwa chakula, watu walikufa kwa njaa. George William Otim-Nape na wenzake wa kituo cha utafiti cha Namulonge walijaribu kila walichonacho, na waliosimama ni wale watoto wa Ibadan. Wakawagawa kwa wakulima kwa majina mapya: Nase 1, Nase 2, Nase 3. Ndani ya kila shina mlikuwa na sehemu ndogo ya mti wa nyuma ya nyumba Pangani.

Michirizi ya kahawia nayo ikajitokeza bara, mbali na pwani ilikozoeleka, na watafiti wakaanza kutafuta muhogo unaoihimili. Kusini mwa Tanzania wakaupata mmoja kwa wakulima, Namikonga, uliodhaniwa ni wa asili ya huko. Pwani ya Kenya wakaupata mwingine, Kaleso. Walipolinganisha jeni zao walikuta si miwili, ni mmoja. Na Kaleso kwenye daftari za zamani ilikuwa na namba: 46106/27, ya Amani. Mtu fulani aliichukua pingili hiyo akaipanda kwake, jirani akaomba, mkwe akabeba kwenye basi, na kwa njia hiyo ikavuka mpaka na kwenda mamia ya kilometa kusini. Njiani namba ilidondoka, na kila walipoupanda wakaupa jina lao.